Taa za Nyuma Si za Mwenye Gari

Imezuka tabia, na tabia isiyokemewa hugeuka ada, ya kulifufua gari la zamani kwa kulipamba uso na kulidhalilisha mgongo. Land Rover la miaka ya 1960 hununuliwa likiwa limelala chini ya mwembe, likakwanguliwa kutu, likapigwa rangi ileile ya kijani liliyotoka nayo kiwandani, likashonewa viti vipya na kurudishiwa wavu wake wa mbele. Kisha, siku ya mwisho, fundi amechoka na mwenye gari amekwisha fedha, bodi ya nyuma hutobolewa matundu mapya, na juu ya matundu hayo zikabandikwa taa za LED za pakiti, zenye kumetameta kama mapambo ya ukumbi wa harusi. Mwenye gari hulizunguka mara moja, akalipiga picha kwa mbele, akaiita kazi hiyo ukarabati. La hasha. Hiyo ni kazi iliyoachwa njiani na kupewa jina la kazi iliyokwisha.

Wapenzi wa magari wa ng'ambo wana dhambi zao nyingi, lakini dhambi hii hawana. Marekani, kwa wale wanaoyaenzi magari yenye injini kubwa ya miaka ya 1960, ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli, Ford Mustang isiyo na zile taa tatu za kusimama kila upande wa nyuma haiitwi Mustang iliyokarabatiwa, hata kama injini yake inanguruma kama simba. Watu hutafuta kioo kimoja cha taa kwa miaka. Hapa kwetu magari ya aina hiyo hayakushika mizizi. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ilileta timu ya Mercury Comet kutoka Marekani kushindana katika mbio za Safari za Afrika Mashariki. Nyingi za Comet hizo hazikumaliza, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina, gari dogo la Kiingereza. Mwaka 1966 na 1967 aliyeshinda ni Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, kwa Peugeot 404. Pwani hii ilichagua magari yake kwa vumbi na matope. Gari letu la misuli, ikiwa lazima liwepo moja, ni Land Rover.

Hoja hii ina kwao, na kwao ni Kibaha na Kisarawe, wilaya za Mkoa wa Pwani zinazounganishwa na njia ya Kiluvya na Mpuyani, lakini zenye historia mbili tofauti za gari. Kibaha imekaa juu ya barabara kuu ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Hapo ndipo nchi za Nordiki zilipojenga kituo cha elimu, afya na kilimo katika miaka ya 1960 na kukikabidhi kwa serikali mwaka 1970. Hapo ndipo kilipowekwa kiwanda cha TAMCO, kilichounganisha malori na mabasi ya Scania. Na hapo ndipo lilipo shirika la Nyumbu, ambalo katika miaka ya 1980 lilithubutu kubuni na kuunda lori la Kitanzania na kulipa jina la mnyama asiyechoka safari. Kijana wa Kibaha alikua akijua kwamba gari halishuki melini kama muujiza. Gari lina nati, na nati hukazwa na mtu.

Kisarawe ni habari nyingine. Kisarawe ni vilima vinavyopakana na Pugu, ni msitu wa Kazimzumbwi, ni mikorosho, na ni ile njia ya udongo iendayo Maneromango, Vikumburu, mpaka Mloka karibu na mto Rufiji, njia ambayo wawindaji na watumishi wa pori la Selous waliipita kwa miongo mingi kabla ya sehemu kubwa ya pori hilo kugeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Huko gari halikuundwa. Lilikuja, likasimama, likaondoka. Lilikuja na bwana shamba, na bwana mifugo, na mganga wa wilaya, na karani wa ushirika mwenye mkoba wa fedha za korosho. Wakati wa masika lilikuja likiwa limechelewa siku mbili, na wakati mwingine halikuja kabisa.

Na hapa ndipo penye kiini cha shauri lote. Aliye ndani ya gari huona kile ambacho taa za mbele zinamwonyesha: njia, mbuzi, daraja la magogo. Aliyebaki kando ya njia huona taa mbili nyekundu, ndogo, zikipanda kilima, zikizama bondeni, zikitokea tena, mpaka giza linapozimeza. Mwanamke ambaye mumewe amelazwa juu ya godoro nyuma ya gari kupelekwa hospitali aliziona hizo. Mzee ambaye mwanawe amechukuliwa kwa maswali aliziona hizo. Watoto walioagana na baba yao aendaye kufanya kazi Dar es Salaam waliziona hizo. Katika miaka ya 1970, wakati wa operesheni za kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, gari la serikali lilipoondoka baada ya amri kusomwa, walioachwa na amri yao hawakubaki na sura ya ofisa. Walibaki na mwanga mwekundu wa duara mbili ukitetemeka njiani. Kama kuna kiungo cha Land Rover ambacho ni mali ya umma wa Kisarawe, basi ni hicho. Uso wa gari na uwe wa mwenye gari. Mgongo wake ni wa walioachwa nyuma. Mtu anayeung'oa na kuubandika kitu kingine amefuta kumbukumbu isiyokuwa yake, tena amefanya hivyo bila ya kujua, na kutojua huko ndiko kunakoudhi zaidi.

Lakini isidhaniwe kwamba hoja yote ni ya majonzi. Wanaotetea taa mpya wana maneno yao, na maneno hayo yanastahili kujibiwa moja moja, kwani yanasemwa kwa sauti kubwa na watu wenye akili zao.

Neno lao la kwanza ni usalama. Wanasema taa za zamani ni hafifu. Wanasema barabara ya Morogoro ya leo, na malori yake yaendayo Zambia na Kongo, na mabasi yake yasiyopenda kupitwa, haifai kuendewa na taa yenye nguvu ya mshumaa. Neno hili linaingia masikioni kwa urahisi, kwa sababu nani atasimama kuutetea ajali? Lakini wasemaji hawa hawajaifungua hiyo taa wanayoilaumu. Laiti wangeifungua.

Taa ya nyuma ya Land Rover ni kitu chepesi mno. Land Rover lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na kwa miongo iliyofuata taa zake zilitoka aghalabu kwa Lucas wa Birmingham. Huyo Joseph Lucas, katika karne ya 19, alianza maisha kwa kuchuuza mafuta ya taa mitaani, akapanda kwenye kandili, akapanda kwenye taa za baiskeli, na kampuni yake ikaishia kuyatia umeme magari ya Uingereza. (Waingereza wenyewe, wakichoshwa na magari yaliyozimika njiani, walimtania kwa kumwita Mwanamfalme wa Giza.) Ndani ya taa hiyo mna soketi, mna globu moja yenye nyuzi mbili, uzi mmoja wa wati 5 unaowaka usiku kucha, na uzi wa pili wa wati 21 unaowaka pale mguu unapokanyaga breki. Vijipini viwili vya globu hiyo haviko sawa. Kimoja kiko juu, kimoja kiko chini, ili mkono wa fundi mwenye haraka usiweze kuigeuza na kuifanya taa ya breki kuwa ya usiku na ya usiku kuwa ya breki. Waliobuni kitu hiki walimfikiria hata fundi mwenye haraka. Juu ya globu kuna kioo chekundu, kwanza cha kioo halisi, baadaye cha plastiki inayoshikwa na skrubu mbili. Basi. Hapana kingine.

Sasa, ni kwa nini taa hiyo huwa hafifu? Si kwa sababu wati 5 hazitoshi. Ni kwa sababu wati 5 hazifiki. Mkondo wa umeme unaokwenda kwenye globu kwa waya mwekundu hauna budi kurudi kwenye betri, na safari ya kurudi hupita kwenye bodi na fremu ya gari. Hiyo ndiyo mafundi wanayoiita athi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, fremu yake ni ya chuma, na pale aluminiamu ikutanapo na chuma penye unyevu na chumvi, huzaliwa unga mweupe, na aluminiamu ndiyo huliwa. Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa chumvi inafanya nini. Kila mwenye bati na msumari anaijua. Unga huo ukishaota, umeme haupati pa kurudi, na taa hufifia. Inatokea hata jambo la ajabu zaidi: athi ya taa moja ikikatika kabisa, mkondo wa breki hutafuta njia kwa kupitia uzi wa pili wa globu, ukaingia katika waya wa taa nyingine, na dereva anapokanyaga breki taa zake za nyuma hupungua mwanga badala ya kuongezeka, au indiketa ikaanza kung'aa bila ya kuwashwa. Mwenye gari huona maajabu hayo akasema gari limeingiwa na shetani, akaenda kununua LED.

Dawa ya shetani huyo ni msasa, grisi kidogo, na waya mweusi mmoja uliovutwa kutoka kwenye soketi mpaka kwenye chuma kisafi cha fremu. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi anayejua rangi za nyaya: nyekundu kwa taa za usiku, kijani chenye mstari wa zambarau kwa breki, kijani chenye mstari mweupe kwa indiketa ya kulia, kijani chenye mstari mwekundu kwa ya kushoto, nyeusi kwa athi. Mpango huu wa rangi ulitumika katika magari mengi ya Uingereza ya enzi hizo, na bado unasomeka chini ya vumbi. Mafundi wa Kibaha wenye mvi wanausoma kama mshairi asomavyo mizani, bila ya kuhesabu kwa vidole. Vijana wao, waliofunzwa kukata nyaya zote na kuzifunga upya kwa rangi yoyote iliyopo dukani, hawausomi, na hawatausoma kama kila Land Rover linaloingia gereji linavuliwa nyaya zake siku ya kwanza.

Na hizo LED, je, zimeleta huo usalama ulioahidiwa? Izingatiwe globu ya LED nyeupe iliyotiwa nyuma ya kioo chekundu cha zamani: mwanga wake una wekundu mchache, kioo huuchuja ulio mwingi, na kinachotoka ni rangi ya waridi iliyopauka. Izingatiwe indiketa: kile kikopo cha zamani kinachoipepesa taa hufanya kazi kwa joto la mkondo mkubwa, LED haivuti mkondo huo, na indiketa huganda, haipepesi. Hapo fundi huongeza kipande cha kupoteza umeme, ambacho huchemka kama pasi, akakifunga penye raba na rangi. Izingatiwe pia kwamba Land Rover zilizotoka kabla ya 1967 hivi nyingi zilifungwa athi kwa chanya, kinyume cha magari ya leo. LED yenye kuchagua njia ya mkondo haiwaki humo hata kidogo. Na lililo baya kuliko yote: katika taa nyingi za bei rahisi tofauti kati ya mwanga wa usiku na mwanga wa breki ni ndogo, ilhali tofauti hiyo ndiyo lugha yote ya taa ya nyuma. Dereva wa lori anayekuja nyuma pale Mlandizi usiku hahitaji kupofushwa macho. Anahitaji kuambiwa mambo mawili tu: nipo, na sasa nasimama. Taa inayopiga kelele muda wote haisemi la pili.

Ukweli mmoja wao na wapewe. Gari dogo la zamani katikati ya malori, usiku wa mvua, linahitaji kuonekana zaidi ya lilivyoonekana mwaka 1965. Basi na liongezewe viakisi mwanga, na kama mwenyewe analipeleka Morogoro kila wiki, na liongezewe taa ya ziada chini ya bampa, iliyofungwa kwa kibano na si kwa tundu, ili siku moja iweze kutolewa bila ya kuacha kovu. Hapana asiyekubali hilo. Hata msafiri wa Kisarawe ambaye gari lake limeharibika hukata matawi ya mti akayatandaza njiani nyuma ya gari ili ajaye aonywe, wala hakuna aliyewahi kudai kwamba kwa kuwa matawi yameonya vema, basi taa na zing'olewe na matawi yafungwe mahali pake.

Neno lao la pili ni kwamba vifaa havipatikani. Kwa Peugeot 504, ambayo taa zake za kuinama zilikuwa sehemu ya umbo lililotoka kwa Pininfarina mwaka 1968, neno hilo lina uzito. Kioo kizima cha 504 kweli ni cha kutafutwa kwa subira. Kwa Land Rover, neno hilo ni uvivu uliovaa kanzu. Taa zake za duara zilitumika kwa mamilioni, miundo yake inaendelea kutengenezwa upya, na kioo cha plastiki kilichofifia aghalabu hakijafa: kinataka sabuni, msasa wa maji ulio laini kabisa, na dawa ya mswaki. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha lililotangazwa dunia nzima. Nchi yenye magari hayo yote yakitembea haiwezi kusema imekosa vioo vyake.

Linabaki neno gumu, na watetezi wa taa za asili hupenda kulikwepa: asili ni ipi? Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokauka na spea zikawa adimu kama theluji, mafundi wa Pwani walizifanya taa kwa walichonacho: bati lililokunjwa kwa nyundo, plastiki yoyote nyekundu inayopitisha mwanga, pete iliyochongwa kwa mkono. Gari liliishi na taa hiyo miaka 10, miaka 20. Anapokuja mkarabati wa leo na boksi la vioo kutoka Uingereza, akakitupa kile kibati jaani, je, amelirudishia gari asili yake, au amelinyang'anya miaka yake migumu? Wale wapendao usafi wa kiwanda watasema kiwanda ndicho chenye haki. Hawako sahihi kabisa, wala hawajakosea kabisa. Taa ya kiwandani na irudi mahali pake, kwa kuwa gari linakarabatiwa kwa kufuata lilivyozaliwa. Lakini kibati kile na kitunzwe ndani ya sanduku chini ya kiti, na karatasi ya kueleza nani alikiunda na mwaka gani, kama anajulikana. Kibati cha Kibaha ni kazi ya mkono wa Kibaha, na yafaa kihesabiwe katika ukoo mmoja na lori la Nyumbu. Anayekitupa hana ubora wowote juu ya yule mwenye LED. Wote wawili wameamua kwamba kilichofanywa hapa hakina thamani.

Wasomaji wa ushairi hawatashangaa kukutana na mgogoro huu gerejini, kwani wameshakutana nao kwenye vitabu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalihifadhiwa kwa juhudi ya Mwalimu Sikujua na Mwingereza Taylor, na Hichens akayachapisha mwaka 1940. Maneno yake ya Kimvita, mengi yao magumu kwa msomaji wa leo, yalihitaji maelezo, hayakuhitaji kubadilishwa. Mhariri ambaye angeliona neno la kale mwishoni mwa mshororo, akaling'oa na kutia neno la gazetini kwa kuwa linaeleweka upesi, angelipoteza kina, na kina kikipotea utao wote hulegea. Vina vya mwisho ndivyo taa za nyuma za ubeti. Ndivyo vinavyobaki sikioni ubeti ukishapita.

Na wale wanaojitetea kwa jina la usasa na wamtazame Kezilahabi. Kichomi kilipotoka mwaka 1974 bila ya vina na mizani, kelele zilizozuka zilikuwa kubwa, na wengine mpaka leo hawajamsamehe. Lakini hata adui yake mkubwa alipaswa kukubali jambo moja: Kezilahabi hakulichukua shairi la Muyaka akalipunguza vina kisha akaliita la Muyaka. Alitunga lake, akatia jina lake, akakaa hapo apigwe mawe. Nyumbu nao hawakuchukua lori la Mzungu wakalibandika taa nyingine. Walijaribu kuunda lori. Anayependa taa za LED na aunde gari la LED. Hapana atakayemzuia, na likiwa zuri litaimbwa.

Wapo pia wanaouliza, tena kwa ukali: kwa nini kulienzi gari la bwana wilaya? Kwa nini kupoteza fedha kulirudishia mkoloni macho yake? Swali hili lina heshima kuliko yote yaliyotangulia, na jibu lake limo ndani yake. Gari lililokarabatiwa mbele tu, likang'arishwa na kupigwa picha za mapambo, ndilo linalomwenzi bwana wilaya, kwa kuwa linaliangalia jambo kutoka kwenye kiti chake. Gari lenye taa zake za nyuma linaweza kuangaliwa kutoka upande wa pili, upande wa aliyesimama Maneromango na fimbo yake, ambaye hajapanda gari hilo hata siku moja na anakumbuka vizuri zaidi kuliko aliyelipanda.

Limesalia jambo la mwisho, na ni la aibu zaidi. Kwa kuwa taa za asili zimeanza kuwa na thamani, upo ushawishi wa kuzitoa pale ambapo bado zinafanya kazi. Land Rover la mkulima, linalobeba mihogo na mkaa, lina taa mbili za Lucas zilizopigwa tarehe zake kiwandani. Mkarabati wa mjini anapita, anatoa noti, anazifungua kwa bisibisi, anaacha mahali pake taa mbili za plastiki za dukani. Kila mmoja anadhani amefaidika. Visiwani biashara hii inajulikana kwa sura nyingine: mlango wa nakshi ulitolewa kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, ukauzwa ukapambe hoteli au nyumba ya tajiri, na kwenye kizimba chake ukatiwa mlango wa mbao laini. UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini orodha haifungi bisibisi. Ukarabati unaopatikana kwa kulivua gari jingine lililo hai si ukarabati hata kidogo, na gari lililokamilishwa hivyo, likisimama katika maonyesho likipigiwa makofi, limesimama juu ya njia ya Kisarawe isiyo na taa.

Basi mafundi wa Kibaha, ambao jina lao ndilo linalochezewa, wanaweza kuanza na jambo dogo. Katika karatasi ya gharama, taa za nyuma ziandikwe mstari wake peke yake, mwanzoni, kabla ya rangi na viti: soketi, globu, vioo, waya wa athi, na vimetoka wapi. Mteja asiyetaka kuulipia mstari huo na aambiwe mapema kwamba gari lake litapakwa rangi, lakini neno ukarabati halitaandikwa kwenye risiti yake.